Jumba la jamii: tuombe serikali, tungoje wahisani ama tujibebe wenyewe?

Jumatano ile ya mvua tulikaa nje saa nzima na robo. Wamama ishirini na kitu tumejibana kwenye veranda, sanduku la akiba katikati limefunikwa na kitenge, watoto wamelala migongoni, na jumba lenyewe la mji liko hapo nyuma yetu, mabati mazuri, madirisha ya chuma, mlango umefungwa na kufuli moja kubwa. Mwenye funguo ameenda matanga Nebbi, simu yake haipatikani. Mama mmoja mzee, mweka hazina wetu, akaangalia sanduku, akaangalia mlango, akasema: hili sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, akikosa mmoja tu halifunguki, na mwaka mzima halijatushinda hata wiki moja, sasa hii nyumba yenye kufuli moja inatushinda kila mwezi. Tukanyamaza. Halafu tukafungua sanduku pale pale nje, tukahesabu pesa huku maji yanaturukia miguuni.

Naandika hii kwa sababu mtaa wetu umechagua kamati ya watu saba kutafuta njia ya kupata jumba letu wenyewe, na mimi kama karani wa kikundi nimeambiwa nipange hizo njia kando kwa kando ili watu wachague wakijua. Mtaani kwetu hapa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kuna Walugbara, Wakakwa, Wanubi, Waaluri, Waacholi kadhaa, Wasudani Kusini na Wakongo, kwa hiyo mkutano unaenda kwa Kiswahili toka zamani, hata kabla baraza la mawaziri halijakipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, ndo maana naandika vile tunaongea. Watu wa Gulu, Lira, Kitgum, Adjumani, Koboko, nadhani mkisoma mtaona ni mambo yenu pia.

Kwanza, kwa nini jumba

Kuna ndugu zetu wanauliza, jumba la nini wakati dawa hakuna na barabara imekatika? Ni swali la haki, silibezi. Lakini mtu aliyekuwa kaskazini miaka ya vita anajua jibu. Kati ya 2003 na 2005 watoto makumi ya maelfu walikuwa wanatembea kila jioni kutoka vijijini kuingia Gulu na Kitgum wakiogopa kutekwa na waasi wa LRA, mkeka kichwani, mdogo wake mkononi, wanalala kwenye uwanja wa hospitali ya Lacor, kwenye makanisa, stendi ya basi, veranda za maduka, asubuhi wanarudi kwa miguu. Miji ile haikuwa na pesa ila popote palipokuwa na paa na mtu wa kufungua geti, watoto walipona usiku mmoja zaidi. Mimi kila nikisikia mtu anasema jumba ni anasa nakumbuka hilo.

Na vita ilipoisha mambo hayakuisha. Watu karibu milioni 1.8 walikuwa wamehamishwa makwao vita ilipokuwa kali kabisa, baada ya mazungumzo ya amani ya Juba ya 2006 wengi wakarudi vijijini, lakini kuna kizazi kilichozaliwa kambini hakina shamba, hakijui mpaka wa shamba la babu, kimebaki mjini. Vijana wa Gulu wanaoitwa aguu kila mtu anawasema kwa wizi, lakini ukiuliza kijana wa miaka kumi na sita asiye na shule wala kazi aende wapi saa kumi jioni, jibu ni kibanda cha video au pombe ya malwa. Hakuna mlango mwingine ulio wazi.

Na kwa siku za kawaida jumba linafanya kazi nyingi mno, Jumatatu chanjo, Jumanne darasa la watu wazima, Jumatano akiba, Alhamisi mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, anasuluhisha kesi ya mpaka, Ijumaa vijana na ngoma, Jumamosi harusi, na mtu akifa watu wanapata mahali pa kukaa mvua isiwanyeshee. Pia watu wa makabila tofauti wanakutana pasipo kuwa kwa mtu fulani. Ukikutana nyumbani kwa Mkakwa, Mlugbara ni mgeni. Ukikutana kanisani, Mnubi anakaa mlangoni. Jumbani wote wenyeji.

Sasa njia zenyewe. Ziko tano ila mbili nitazipita haraka.

Zile za haraka

Ya kwanza ni ukumbi wa kanisa au wa msikiti. Upo tayari, mara nyingi una viti, una mlinzi, una choo, na bei yake watu wanaelewana. Kwa kikundi kinachoanza hakuna kitu rahisi kuliko hicho. Ubaya wake ni kwamba ratiba si yako, siku ya ibada au ya semina unatolewa hata kama wiki nzima ulishaandika jina, na kuna majirani wa dini nyingine hawataingia hata ukiwabembeleza, hawana ubaya, hawajisikii tu. Kwa mwaka mmoja ni nzuri sana. Kwa miaka kumi hapana.

Ya pili ni pesa ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, na hii naitaja kwa sababu kila mkutano lazima mtu ainue mkono aseme si kila parishi inapata milioni 100 kwa mwaka, tujenge na hiyo. Hapana jamani. Ile pesa, tangu mpango ulipozinduliwa Februari 2022, inaenda kwenye SACCO ya parishi na inakopeshwa kwa kaya, mpaka milioni moja kwa kaya, kwa kuku, kahawa, nguruwe, mihogo, kitu cha kuingiza pesa. Haijengi ukumbi. Mwenye kuwaambia mchange milioni zenu za PDM pamoja mjenge jumba anawaingiza kwenye deni ambalo jumba halitalilipa. Achaneni nayo.

Serikali ya mji na wahisani, kando kwa kando

Hapa ndo penye mvutano, kwa sababu nusu ya kamati inataka tuandike barua kwa mji na nusu inataka tutafute shirika. Nimeziuliza hizi njia mbili maswali yale yale.

Pesa yao inatoka wapi? Mji una pesa za aina mbili. Moja inakusanywa hapa hapa, ushuru wa soko, leseni, kodi ya majengo, ushuru wa hoteli, na kwa sheria ya serikali za mitaa divisheni ya mji inabaki na asilimia 50 ya inachokusanya, nyingine inaenda juu. Kule kwenye gombolola za vijijini wanabaki na 65. Inasikika nzuri, shida ni kwamba kikapu chenyewe kidogo. Zamani kulikuwa na ile kodi ya kichwa, ikafutwa 2005, na mimi siililii hata kidogo kwa sababu wanaume walikuwa wanalala porini wakikimbia askari wa kodi, lakini ni kweli pia kwamba baada ya hapo halmashauri zikabaki zinaitegemea Kampala kwa karibu kila kitu, na pesa ya Kampala inakuja na jina juu yake, hii mishahara, hii shule, hii afya, hii barabara. Pesa ambayo mji unaweza kuamua wenyewe ni ile ya DDEG, ruzuku ya maendeleo, na hiyo inagombaniwa na kila mtu, culvati, choo cha soko, darasa, nyumba ya daktari. Ukisikia diwani anasema hatuna pesa ya jumba mara nyingi hadanganyi.

Wahisani kwa upande wao wakiwa na pesa wanakuwa nayo kweli. NUSAF, mfuko wa maendeleo ya kaskazini, tangu 2003, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imepita kwa awamu tatu, vijiji vikapata madarasa, nyumba za walimu, visima, mifugo. Miji yetu ilipata barabara za lami na taa za sola kupitia USMID, mradi wa miundombinu ya miji. Na ukienda Bidi Bidi kule Yumbe, kambi iliyofunguliwa Agosti 2016 na kupokea wakimbizi zaidi ya laki mbili, kuna jumba la sanaa na muziki lililojengwa kwa matofali ya udongo wa pale pale ulioshindiliwa, bila kuchoma kuni, na paa limeinama kama faneli ili maji ya mvua yakusanyike kwenye matangi. Nikiliangalia hilo paa nasema hivi ndo mtu anajenga akiwa amefikiria wanaoishi pale. Na kwa wilaya zinazopokea wakimbizi kuna ule utaratibu wa 30 kwa 70, kwamba msaada asilimia 30 iwafikie wenyeji, hiyo ni hoja ambayo kamati yoyote ya Yumbe, Adjumani, Obongi, Lamwo au Madi Okollo inaweza kuipeleka mezani.

Kwa hiyo kwa kujenga, wahisani wanashinda. Wanajenga haraka na wanajenga vizuri.

Inakaa muda gani? Hapa mambo yanageuka. Mwaka 2012 iligundulika pesa za mpango wa PRDP wa kujenga upya kaskazini zimeibiwa kupitia ofisi ya waziri mkuu, nchi kama Ireland, Uingereza, Norway, Denmark na Sweden zikasimamisha misaada, na waliokuwa wanangoja choo cha shule Kitgum ndo wakaumia ilhali pesa hawakuigusa. Tena Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake na mpaka katikati ya mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa, watu wakarudishwa nyumbani ndani ya wiki moja, kliniki zikapunguza siku. Uamuzi ulifanyika Washington, sisi tukasoma kwa simu. Serikali ya mji hata iwe maskini vipi haiondoki. Diwani ukimkasirikia unamjua anapokaa, unamngoja kwenye kura. Mkurugenzi wa mradi ukimkasirikia kandarasi yake imeisha, yuko Juba.

Nani analipa mwaka wa pili? Hili swali mnisaidie kulipigia kelele kwa sababu ndo kila kitu. Jumba ukishalijenga linaanza kula. Umeme wa token, maji, sabuni, askari wa usiku, bati lililopeperushwa na upepo wa Machi, kioo kimoja, kitasa. Mhisani karibu kila mara haandiki hizo kwenye bajeti yake, anaandika "jamii itasimamia", anapiga picha, anakabidhi. Mji nao unalipokea jengo ila kwenye bajeti yake hakuna mstari wa askari wa jumba, kwa hiyo wanampa mtu mmoja funguo kama fadhila na ndo yule ameenda matanga Nebbi. Kwa swali hili wote wawili wanaanguka, na wanaanguka pale pale pamoja.

Unaingiaje kwenye mlango wao? Kwa mji kuna kalenda na watu wengi hawaijui, wanapeleka barua Mei wanaambiwa ngojeni mwaka ujao wanafikiri wamedharauliwa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bunge linatakiwa kupitisha bajeti kabla ya Mei kuisha. Mikutano ya bajeti ya wilaya na miji inafanyika Oktoba na Novemba, na kabla ya hapo vijiji na parishi vinatakiwa vimeshasema vinataka nini. Maana yake kama unataka jumba mwaka kesho, kijiji kiandike kwenye kumbukumbu za mkutano wa LC1, baraza la kijiji, Agosti na Septemba, kipeleke parishi, na mtu aende aketi kwenye mkutano wa bajeti akiwa na nakala mkononi. Na mjue pia pesa ambayo mji haujatumia mpaka tarehe 30 Juni inarudi hazina kuu, kwa hiyo Aprili huwa kuna haraka, kikundi chenye hati ya ardhi na ramani tayari kinaweza kupata kitu ambacho mwenye barua tupu hapati.

Kwa mhisani mlango ni mwingine. Wanataka uwe umejiandikisha kama CBO, yaani shirika la jamii, kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, una katiba, una akaunti ya benki yenye saini tatu, una kumbukumbu za mikutano. Afisa wa maendeleo ya jamii, yule tunamwita CDO, ndo mtu wa kumjua kwa njia zote mbili. Wengi wanamwona kama mtu wa kupiga mhuri, lakini CDO mzuri anajua pesa gani iko wapi miezi mitatu kabla ya wewe.

Kujibeba wenyewe

Njia ya tano watu wanaicheka. Wanasema maskini atajenga nini. Mimi nimekaa na daftari la akiba miaka, naomba nijibu na daftari.

Haya makundi ya akiba, Waacholi wanayaita bol icup, yalianza Niger 1991 na shirika la CARE, na West Nile ilikuwa kati ya sehemu za kwanza Uganda kuyapata, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mnajua yanavyokwenda, watu kama 15 mpaka 30, hisa moja mpaka tano kila wiki, mfuko wa jamii pembeni kwa ugonjwa na msiba, sanduku la kufuli tatu, mwisho wa mwaka mnagawana. Hakuna mzungu anayekuja kufungua. Hakuna mtu anayepewa posho ya kukaa. Na bado linafunguka kila wiki, mvua jua, kwa sababu ndani kuna pesa ya kila aliyekaa pale.

Sasa tuseme mji mdogo una vikundi 12, kila kimoja watu 25. Hao ni watu 300. Kila mtu akitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, ambayo ni chini ya bei ya rolex, ile chapati ya kukunja, ya mayai mawili, ni laki tatu. Tuseme askari 150,000, mtu wa kufagia 50,000, umeme 40,000, maji na sabuni 20,000. Hiyo 260,000. Zinabaki 40,000 za kufuli, bawaba na bati. Bei za kwenu weka za kwenu, ila mnaona vile inatosha. Pesa hiyo haiwezi kulijenga jengo, kabisa, mngechanga miaka kumi na tano. Lakini inalifungua. Na lile swali la mwaka wa pili ambalo mji na mhisani wote limewashinda, hii njia peke yake ndo imelijibu.

Kuna pesa ya kukodisha pia, harusi, semina, mashirika yanatafuta ukumbi wa mafunzo. Itumieni, ila mwangalie sana. Nimeona jumba moja, mji sitautaja, lilianza la jamii likaishia la harusi, kila Ijumaa mchana watoto wa ngoma wanatolewa ili watu wafunge mapambo, wamama wa kusoma wanaambiwa leo kuna mteja, ndani ya mwaka mmoja wale waliojengewa wakawa hawana saa hata moja. Sisi tumeandika kwenye rasimu yetu kwamba kukodisha ni Jumamosi tu na Jumapili mchana, siku tano ni za mtaa, hata aje mteja wa milioni.

Udhaifu wa kujibeba ni miwili na sitaificha. Mmoja, mzigo unaangukia wamama. Wanaochanga ni wao, wanaofagia ni wao, halafu siku ya kuchagua mwenyekiti wa jumba anasimama mwanamume aliyekuja dakika kumi kabla. Mwingine ni ardhi, na hapa nikae kidogo kwa sababu majumba mengi yamekufa kwa ardhi kuliko kwa pesa.

Huku kaskazini sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila. Mzee wa ukoo anasimama kwenye mkutano anasema kuanzia mti huu mpaka kichuguu kile nawapa, watu wanapiga vigelele, wanaua mbuzi, hakuna karatasi. Mzee akifa na mji ukakua na bei ya kiwanja ikapanda, wajukuu wanakuja na kamba ya kupimia. Siwalaumu wajukuu, nao hawana kingine. Sheria ya ardhi ya 1998 ina dawa yake, mnaweza kuunda chama cha ardhi ya pamoja, mnachagua kamati ya kusimamia ya watu watatu mpaka tisa, na angalau theluthi moja lazima wawe wanawake, ni sheria si ombi. Ama ukoo uchukue hati ya umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya ardhi ya wilaya kisha waandike wazi kipande cha jumba ni cha nani. Kwa upande huu ardhi ya mji ni salama zaidi dhidi ya wajukuu wa ukoo, ila si salama dhidi ya mji wenyewe, kwa sababu kiwanja cha umma katikati ya mji kinachokua kila mtu mwenye tenda anakitamani. Kwa hiyo kama jumba liko kwenye ardhi ya mji, dai makubaliano ya maandishi ya miaka, na nakala ikae pia nje ya ofisi ya mji.

Sasa nani achague nini

Kama mji wenu una jumba la zamani la halmashauri limesimama na limefungwa, msijenge kipya. Nendeni na CDO, ombeni usimamizi wa jumba kwa maandishi, mji ubaki na jengo na paa kubwa, nyinyi mchukue mlango na siku. Hii ndo njia rahisi kuliko zote na nashangaa miji mingapi haijaijaribu. Mkitaka kuona mfano wa kamati za jamii, Nwoya ni moja ya wilaya ambako mpango wa ICOLEW wa wizara ya jinsia, ule wa kusoma kwa watu wazima uliofungwa pamoja na akiba na biashara, ulianzia, na vituo vyake vya kujifunzia vina kamati za jamii zenyewe.

Kama hamna jengo na hamna mhisani, kodini ukumbi wa kanisa au msikiti mwaka mmoja kwa ile shilingi 1,000. Huo mwaka haupotei. Mnapata daftari la nani alikuja, risiti za umeme, kumbukumbu za mikutano hamsini, na siku mkienda kwenye mkutano wa bajeti Oktoba hamuombi jumba, mnaonyesha jumba ambalo tayari linafanya kazi halina kuta tu. Mimi kura yangu kwa mtaa wetu, mpaka mji utupe funguo za lile jumba, iko hapa na nimeiambia kamati wazi.

Kama mhisani yuko mlangoni leo na pesa mkononi, mkaribisheni, mpeni kiti, ila kabla ya kusaini aulizwe mambo matatu. Ardhi karatasi iko kwa jina la nani. Baada ya kukabidhi nani analipa askari, na kama ni sisi, basi tuanze kuchanga kabla msingi haujachimbwa ili tujue kama tunaweza. Na ukubwa, kwa sababu jumba la watu mia tano lenye dari na feni nane litakula umeme ambao vikundi 12 haviwezi, afadhali chumba cha watu mia na hamsini chenye veranda pana pande mbili. Veranda hiyo msiipunguze hata mhandisi akilia bajeti, kwetu nusu ya maisha yanafanyika kwenye veranda.

Watu wa miji mikubwa, Gulu na Arua ambazo ni majiji tangu Julai 2020, nyinyi mna kazi nyingine, kwenu kiwanja kinakimbia kuliko pesa, anzeni na ardhi wiki hii.

Kamati yetu inakaa Jumamosi saa tisa mchana, kwenye veranda ile ile. Mweka hazina ameshasema hatujadili rangi ya mabati wala jina la jumba mpaka tumalize ajenda namba moja, nimeiandika kwa herufi kubwa juu ya daftari: KUFULI NGAPI, NA FUNGUO KWA NANI.